KONA YA MWALIMU: Chai ya kushindiliwa, ipi mbichi na ipi imevundikwa?

    Elimu ni mzigo usiomwelemea mtu hata siku ya kuhama.

Mwezi huu sikuchagua mada mwenyewe. Imetoka kwenye sanduku la maoni. Mama mmoja (ameomba jina lake lisiandikwe) ametuandikia hivi:

"Mwalimu, salamu. Shemeji yangu anafanya biashara Guangzhou kule China. Ametupa vitu viwili kwa mkono wa mtu. Ni vya duara kama chapati nene, vigumu kama mbao, vimefungwa kwa karatasi. Kimoja ni cha kijani, kingine ni cheusi na kinanuka udongo. Simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema kile cheusi kimeoza nikitupe, tena kitu cha kunuka kaburi kisilale ndani ya nyumba. Jirani anasema ni dawa ya sukari na presha, anataka kukinunua kwa mafuta ya resheni ya mwezi mzima. Sasa nyumbani hatuelewani. Ni nini hiki? Nimsikilize nani?"

Asante sana mama kwa swali zuri. Na si wewe peke yako. Vipande vya chai ya namna hii vimeanza kuonekana hata sokoni kwetu, vinauzwa kwa kumegwa, na kila muuzaji ana hadithi yake. Kwa hiyo tuseme yote leo, kila mtu asikie.

HII NI CHAI GANI?

Hivyo vitu ni chai kweli. Inaitwa chai ya Pu'er. Inatoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya China, kwenye milima inayopakana na Myanmar, Laos na Vietnam. Jina ni la mji wa Pu'er, ambao zamani ulikuwa soko kubwa la chai. Wafanyabiashara walipakia chai kwenye nyumbu na farasi, wakasafiri nayo milimani mpaka Tibet. Safari ya miezi, njia mbaya, mvua na baridi. Chai ya kumwagika ovyo isingefika. Ndiyo maana waliishindilia ikawa kitu kimoja kigumu, rahisi kupanga kwenye tandiko la mnyama.

Basi hilo umbo la chapati halikuanza kama urembo. Ni akili ya watu wa safari. Sisi tuliofunga vyombo vyetu ndani ya kitenge kimoja tukatembea tunaelewa maana yake.

Maumbo yapo mengi. La duara ndilo linaloonekana zaidi, na kwa desturi lina uzito wa gramu 357. Vipande saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi. (Wanafunzi, fanyeni hesabu: saba mara 357 ni ngapi? Mtaona inakaribia kabisa kilo mbili na nusu.) Kuna la tofali, kuna la bakuli lililobonyea katikati, na kuna vidogo sana vya gramu tano hivi, kila kimoja kwenye karatasi yake kama peremende.

Jambo la kuwashangaza: mmea wenyewe si mgeni kwetu. Chai ya Yunnan ni ya majani makubwa, na wataalamu wanaiita assamica. Aina hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyopandwa Kericho kule Kenya, Mufindi hapa Tanzania, Teza na Rwegura kule Burundi, na kwenye mashamba ya Kivu. Wazazi waliochuma chai Kivu au Burundi wanajua jani hilo kwa vidole vyao. Tofauti iko kwenye namna ya kulitengeneza tu. Halafu kule Yunnan wapo watu, kama Wabulang na Wadai, wanaotunza miti mikubwa ya chai chini ya misitu tangu enzi za mababu. Mwaka 2023 misitu yao ya mlima Jingmai iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

MBICHI NA ILIYOVUNDIKWA

Hapa ndipo jibu la mama lilipo. Chai ya Pu'er ni ya aina mbili. Wachina wanaiita ya kwanza sheng, maana yake mbichi. Ya pili wanaiita shou, wengine hutamka shu, maana yake iliyoiva au iliyopikwa. Mimi hapa nitaiita iliyovundikwa, na mtaona kwa nini.

Mwanzo wake ni mmoja. Majani yanachumwa, yananyauka kidogo, yanakaangwa kwenye karai kubwa ili yasiendelee kubadilika haraka, yanasuguliwa na kukunjwa kwa mikono au kwa mashine, halafu yanaanikwa juani. Hiyo chai ya juani ndiyo malighafi ya zote mbili.

Chai mbichi haina mambo mengi baada ya hapo. Yale majani makavu yanapitishwa kwenye mvuke yalainike, yanawekwa kwenye mfuko wa kitambaa, yanashindiliwa chini ya jiwe au mashine, yanakaushwa. Imekwisha. Baadaye inaachwa ijibadilishe yenyewe polepole kwa miaka. Mwaka wa kwanza ni kali na chungu. Ikikaa vizuri miaka 10, 20 na zaidi, ukali unapungua na rangi inakuwa nyekundu.

Sasa watu walikuwa wanapenda ile chai ya zamani, nyeusi na laini, lakini nani ana subira ya miaka 20? Wenye viwanda wakatafuta njia ya mkato. Mwaka 1973 kiwanda cha chai cha Kunming kilitengeneza njia ambayo baadaye ilienea Yunnan nzima. Wanarundika majani kwenye sakafu, chungu kubwa kabisa. Wanayamwagia maji, wanayafunika kwa turubai au magunia. Lile rundo linapata joto lenyewe, hata nyuzi 50 au 60. Ndani yake wanazaliana viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hasa aina za kuvu, na hao ndio wanaoyageuza majani. Wafanyakazi wanaligeuza rundo mara kwa mara lisiungue katikati. Baada ya siku 40 hadi 60 hivi majani yamekuwa meusi. Yanakaushwa, yanapitishwa mvuke, yanashindiliwa kama yale mengine.

Wazazi, si hii ni kuvundika? Mnakumbuka ndizi za pombe. Ndizi inayoachwa mgombani inaiva kwa wakati wake. Ndizi inayochimbiwa shimo na kufunikwa majani na udongo inaiva kwa siku chache. Na muhogo je? Tunauloweka mpaka unalainika na kunuka, tunauanika, tunatwanga, na unga wake tunakula na watoto wetu. Mtu ambaye hajawahi kuona muhogo ukilowekwa akipita karibu na lile pipa atasema hawa watu wanakula kitu kilichooza. Sisi tunajua kuna kuoza na kuna kuchachuka, na mwenye kujua kazi ndiye anayejua mpaka uko wapi.

Kwa hiyo mama, kama nilivyoelewa barua yako, cha kijani ni chai mbichi, na cheusi karibu kwa hakika ni chai iliyovundikwa. Harufu ya udongo mbichi, ya mti wa zamani au uyoga ni ya kawaida kwake. Mama mkwe hakukosea kushtuka, maana pua yake imefanya kazi ya kulinda nyumba. Mwambie tu kwa heshima kwamba huu ni muhogo wa Wachina.

UTAZITOFAUTISHAJE? NJIA TANO

Usitegemee njia moja tu. Tumia zote, halafu ulinganishe majibu.

1. Macho, kabla ya kupika. Fungua karatasi, kaa penye mwanga wa mchana. Chai mbichi ambayo bado changa ina rangi ya kijani kibichi, kijani cha giza na kahawia, na ncha changa za majani zinaonekana nyeupe kama fedha. Majani mara nyingi ni marefu na unayaona moja moja. Iliyovundikwa ni kahawia ya giza au nyekundu-nyeusi yote sawasawa, na ncha zake changa zina rangi ya dhahabu au shaba.

2. Pua. Pumulia kidogo juu ya kipande ili kipate joto la pumzi, halafu unuse. Mbichi inanukia nyasi kavu, maua, matunda makavu, wakati mwingine moshi kidogo. Iliyovundikwa inanukia udongo baada ya mvua, mbao kuukuu, uyoga.

3. Rangi ya maji. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua kipande kama ncha ya kidole gumba, tia kwenye glasi ya kioo, mwagia maji yanayochemka. Hesabu sekunde kumi, umwage maji hayo, ni ya kuosha. Mwagia tena, ngoja dakika moja, inua glasi uitazame kwenye mwanga. Mbichi changa inatoa maji ya njano au dhahabu. Iliyovundikwa inatoa maji mekundu ya giza, na ukiichelewesha inakuwa nyeusi kama kahawa, huoni kidole upande wa pili.

4. Ulimi. Mbichi changa ni chungu, na inakausha mdomo kama ndizi ambayo haijaiva. Lakini subiri kidogo baada ya kumeza, utahisi utamu unarudi kooni. Iliyovundikwa ni laini, nzito mdomoni, haina uchungu mwingi.

5. Majani yaliyokwisha kupikwa. Hapa ndipo ukweli unapojificha, na watu wengi wanayamwaga bila kuyaangalia. Yatoe, yatandaze kwenye sahani. Jani la chai mbichi unaweza kulikunjua kwa vidole likarudi kuwa jani zima. Ni laini kama ngozi, linavutika kidogo, na rangi yake ni kijani-njano au kahawia kufuatana na umri. Jani lililovundikwa ni jeusi au kahawia nzito, limejikunja halitaki kufunguka, au ukilibana kwa vidole linasagika kama tope.

Kukata kipande nako kuna namna yake. Usikipige nyundo, kitakuwa vumbi na chai ya vumbi ni chungu. Ingiza kisu chembamba ubavuni, kisukume polepole mpaka tabaka libanduke. Elekeza ncha mbali na mkono unaoshika. Watoto wasifanye kazi hii.

MTEGO: MBICHI ILIYOZEEKA

Sasa tuwe waangalifu. Nimesema chai mbichi ikikaa miaka mingi inageuka kuwa nyekundu. Hata ikikaa miaka michache mahali pa joto na unyevu inaweza kuwa nyeusi haraka. Kwa hiyo mbichi ya zamani na iliyovundikwa zinaweza kufanana machoni kama watoto mapacha. Na hapo ndipo wadanganyifu wanapoingia, maana mbichi ya miaka 30 ina bei kubwa sana, wakati iliyovundikwa mwaka jana ni ya bei ya kawaida tu.

Njia mbili zinasaidia. Kwanza, maji. Chai mbichi iliyozeeka vizuri inatoa maji mekundu lakini angavu, yanapitisha mwanga kama asali. Iliyovundikwa huwa na giza zaidi. Pili, rudi kwenye njia ya tano. Mbichi ya zamani, hata ikiwa kahawia, jani lake kwa kawaida bado linakunjuka. Hata hivyo kuna chai iliyovundikwa kidogo tu, inakaa katikati, na hapo hata wazoefu hubishana. Si aibu kusema "hii sijui". Aibu ni kuuza usichokijua.

KUSOMA KARATASI

Wanafunzi wangu, huu ni wakati wenu wa kuwasaidia wazazi. Hatujui Kichina, lakini alama mbili zinatosha.

生 Hii ni sheng, mbichi. Ina mistari mitatu ya kulala, mmoja wa kusimama unaoipita katikati, na kijistari cha mshazari juu upande wa kushoto.

熟 Hii ni shou, iliyovundikwa. Ni nzito juu, na chini ina vitone vinne vimejipanga. Katika maandishi ya Kichina vitone hivyo ni alama ya moto.

Zitafuteni zikiwa zimetangulia alama hii 茶, ambayo ni chai. Mkiona 生茶, ni chai mbichi. Mkiona 熟茶, ni iliyovundikwa. Lakini angalieni sana: alama 生 inaonekana pia kwenye maneno 生产日期, yaani tarehe ya kutengenezwa, na hayo huandikwa hata kwenye paketi ya biskuti! Kwa hiyo kuiona 生 peke yake pembeni mwa tarehe hakuthibitishi kitu.

Kuna na namba. Baadhi ya vipande vina namba nne, kwa mfano 7542. Mtu atakuambia "unaona? Ni ya mwaka 1975!" Si kweli. Zile 75 zinaonyesha mwaka ambao mchanganyiko huo ulibuniwa. Ile 4 ni daraja la majani, na 2 ni namba ya kiwanda cha Menghai. Chai ya 7542 inaweza kuwa imetengenezwa juzi juzi. Kwa desturi 7542 ni mbichi, na 7572 ni iliyovundikwa. Lakini karatasi ni karatasi, yeyote mwenye mashine anaweza kuichapa. Karatasi inasema, majani yanathibitisha.

Wachina wenyewe wameumizwa na mchezo huu. Bei ya Pu'er ilipanda kama wazimu, watu wakanunua marundo wakidhani itaendelea kupanda milele, na mwaka 2007 ikaporomoka. Wengi walibaki na vyumba vimejaa chai ambayo hakuna anayeitaka kwa bei waliyonunulia. Kama yaliwakuta wao wenye lugha na wenye mashamba, sisi je, tunaomegewa kipande sokoni bila hata karatasi?

JE, NI DAWA?

Hapa naomba mniwekee masikio yote mawili.

Chai ya Pu'er, mbichi au iliyovundikwa, ni kinywaji. Haiponyi sukari. Haiponyi presha. Haisafishi damu. Ina kafeini kama chai nyingine, na kafeini inaweza hata kuipandisha presha kwa muda. Kuna mzee mmoja wa zoni yetu, baba wa watu, aliambiwa akinywa chai nyeusi ya kipande hahitaji tena vidonge. Akaviacha. Mke wake akaona anashika kichwa kila asubuhi, anaona kiza akisimama. Wiki ya pili akamkokota mpaka zahanati, presha ikapimwa, hata nesi alinyamaza kwanza. Sasa amerudi kwenye vidonge vyake, yuko salama, tunamshukuru Mungu. Lakini siku zile mbili tatu familia ile haikulala.

Kwa hiyo mama, usimuuzie jirani kama dawa. Akiipenda kama chai, mnywe wote kikombe kimoja mkiwa mmekaa. Resheni ya mafuta ya mwezi mzima ni chakula cha watoto. Mtu akikupa mafuta hayo kwa sababu anaamini atapona, siku asipopona atakuja kukudai zaidi ya mafuta.

Na haya yafuateni kwa chai yoyote ile, hata ya rangi tunayokunywa kila siku:

– Chai inapunguza madini ya chuma mwili unayopata kwenye chakula. Wengi wetu tunapungukiwa damu kwa sababu ya malaria na chakula cha aina moja. Msinywe chai pamoja na maharage na mboga. Ngojeni saa moja au mbili.

– Mama wajawazito, vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji, siyo chai. Na vikombe viwe vichache.

– Mtoto mchanga hapewi chai. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Hata baadaye chai si chakula cha mtoto mdogo.

– Kipande chenye manyoya meupe, madoa ya kijani au meusi ya ukungu, au harufu kali inayochoma pua, tupeni bila huruma. Harufu ya udongo ni sawa. Harufu ya nguo iliyosahaulika ndani ya beseni si sawa.

KUITUNZA NA KUINYWA

Chai hii inanyonya harufu kama kitambaa. Msiiweke karibu na sabuni, mafuta ya taa wala dagaa, na msiitundike juu ya mafiga, itakunywa moshi wote. Iacheni kwenye karatasi yake, muitie kwenye mfuko wa kitambaa au katoni, mahali pakavu penye hewa, mbali na jua. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa unabana unyevu, ukungu unaanza. Msimu wa mvua ikague kila wiki.

Ikitunzwa hivyo haina haraka ya kuharibika. Ile mbichi unaweza kuiacha miaka, ukaonja kipande kidogo kila mwaka uone inavyolainika. Iliyovundikwa inanyweka tangu mapema.

Uzuri mwingine: kipande kidogo hakitoi nguvu zote mara moja. Unaweza kukimwagia maji ya moto mara tano, sita, hata zaidi, kila mara rangi inakuja. Ukichemsha maji mara moja ukayahifadhi kwenye chupa ya chai, familia nzima inakunywa kwa moto mmoja wa kuni. Wachina hawatii maziwa wala sukari. Lakini kama nyumba yako imezoea sukari na ipo, hakuna polisi wa chai.

KWA KIFUPI, KATA UBANDIKE UKUTANI

– Mbichi: kijani na kahawia, inanukia nyasi na maua, maji ya dhahabu, chungu halafu tamu, jani linakunjuka.
– Iliyovundikwa: nyeusi-nyekundu, inanukia udongo na mbao, maji ya giza, laini, jani halikunjuki au linasagika.
– Zikifanana: iamini sahani ya majani kuliko karatasi.
– Ukungu wa manyoya: tupa.
– Ugonjwa: zahanati.

MASWALI YA KUJIPIMA (watoto waulizeni wazazi, wazazi waulizeni watoto)

1. Kwa nini watu wa zamani waliishindilia chai?
2. Ndizi ya shimoni na ndizi ya mgombani zinafananaje na aina mbili za chai hii?
3. Muuzaji anakuonyesha namba 7542 na kusema chai ni ya 1975. Utamjibu nini kwa adabu?
4. Kwa nini alama 生 peke yake haitoshi?
5. Bibi anameza vidonge vya presha na jirani anamletea chai ya kipande. Utamshauri nini?

Majibu mtie kwenye sanduku la maoni pale kituo cha vijana, mwisho Ijumaa ya tatu ya mwezi. Watakaopata yote matano majina yao yatasomwa darasani. Zawadi hatuna, ila makofi tutawapigia mpaka zoni ya pili wasikie.

Toleo lijalo tutajifunza kusoma tarehe kwenye makopo na paketi, ipi ni ya kutengenezwa na ipi ni ya mwisho wa kutumia, maana nimeona wengi tunazichanganya. Kama unayo paketi tupu nyumbani usiitupe, ilete darasani tuisome pamoja.

Kaeni kwa amani, mpendane majumbani.

Mwalimu wenu wa kujitolea